Nyonga ya Zuhura

Kwetu mtoto mnene haitwi mnene. Anaitwa mtoto mwenye afya. Binti yangu Zuhura aliitwa hivyo hata kabla hajaanza kutambaa. Nikimpeleka kliniki, wanawake waliokaa kwenye benchi walikuwa wakinipokea, wakamminya mapaja, wakaniuliza ninampa nini. Sasa ana miaka kumi na mitatu. Ana kovu pembeni ya paja la kushoto na skurubu ndani ya mfupa. Naandika kwa sababu wazazi wawili wa shuleni kwao wamenisimamisha njiani kuniuliza ilikuwaje, na mara zote mbili nilijikuta nasema, "Ah, ni habari ndefu," nikaendelea na safari yangu. Kweli ni ndefu, na kuisimulia kunanichosha. Lakini waliuliza kwa sababu na wao wana watoto.

Tunaishi Singida mjini. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Mimi nakaa kaunta, yeye anahangaika na mizigo na mafundi. Mama yake tunaishi naye. Alizaliwa Pangani, akaolewa huku bara akiwa msichana mdogo, na mpaka leo anapika kama mtu wa pwani: wali wa nazi, vitumbua, maandazi ya iliki. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, nimekulia ugali wa uwele na mlenda. Nilipoingia nyumba ile niliona kama nimehamia kwenye sikukuu.

Zuhura ni mtoto wetu wa kwanza, na mpaka leo yuko peke yake. Gari la shule lilimshusha dukani mchana. Alikaa nyuma ya kaunta karibu na miguu yangu, akala chipsi za jirani, akachukua soda kwenye friji letu la barazani, akaangalia katuni kwenye simu yangu mpaka tufunge. Jioni alikuta sahani yake imefunikwa na bibi yake. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Hakuwa mlafi. Alikula alichopewa, na waliompa walikuwa watu watatu wanaompenda.

Maumivu yalianza wakati watu wanavuna alizeti, siku zile za upepo mkavu unaopasua midomo. Zuhura alikuwa darasa la tano. Alisema goti linauma. Nikamchua kwa dawa ya kuchua, likatulia, likarudi. Tukaenda zahanati ya jirani, wakampima malaria, wakampima mkojo, tukarudi na dawa za UTI. Mama mkwe akasema ni mifupa inakua, hata Baba Zuhura aliumwa hivyo. Kuna mama wa mtaa wa pili anayechua watu kwa mafuta ya nyonyo, na kwake tulikwenda. Zuhura alilia, yule mama akasema mshipa umekaa vibaya, turudi wiki ijayo. Tukarudi.

Kufika msimu wa kuandaa mashamba, mwanangu alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto ulianza kutazama nje, kama mguu wa bata. Watoto shuleni walikuwa wakimwita Bonge tangu zamani, sasa wakaongeza na mwendo wake. Hilo hakuniambia yeye. Aliniambia dereva wa gari la shule.

Siku moja baada ya mvua ya kwanza, ustadhi wa madrasa alipiga simu dukani. Zuhura ameteleza kwenye ngazi na hawezi kusimama. Nilikuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, uso umebadilika rangi. Hakuwa analia. Wanaume wawili walimbeba hadi kwenye bajaji, na nilimwona mmoja akihema na kumkonyeza mwenzake. Hilo nalikumbuka mpaka leo, sijui kwa nini, wakati kuna mengine makubwa nimeyasahau.

Hospitali ilikuwa imejaa. Tulikaa kwenye benchi la mbao pale korido, mguu wa Zuhura ukiwa juu ya mapaja yangu. Ilipofika zamu ya kupimwa uzito, muuguzi alisoma mizani, akasoma tena, kisha akamtajia mwenzake uzito ule kwa sauti ya mtu anayeuza mnadani. Benchi zima likageuka. Zuhura akaficha uso kwenye khanga yangu. Nikamfunika nayo kabisa, tukakaa hivyo hadi tulipoitwa.

Daktari alikuwa kijana. Hakugusa goti. Alishika mguu, akajaribu kuugeuza taratibu kuelekea ndani, na Zuhura akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Mama," daktari akasema, "kinachouma si goti. Ni nyonga."

Alitupeleka eksirei. Akanionyesha kichwa cha mfupa wa paja kilivyoteleza kutoka mahali pake. Akasema mwili ukiwa mzito kupita umri, mifupa ya mtoto anayekua inaweza kushindwa. "Kuanzia sasa hivi asikanyage chini. Hata kwenda chooni abebwe. Lazima afike Dodoma, afanyiwe upasuaji."

Baba Zuhura alikuwa amefika. Aliuliza kama kuna dawa ya kumeza. Daktari akatikisa kichwa. Mume wangu akambeba Zuhura mwenyewe hadi nje, akaenda kutafuta gari la Dodoma.

Dodoma tulikaa wodini hadi tukazoea harufu yake. Mchana wazazi tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukichoka tulitandika khanga sakafuni chini ya vitanda. Jirani yangu alikuwa mama wa Kintinku, anaitwa Mama Neema. Mwanawe alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika paja. Neema na Zuhura walikuwa na umri mmoja, lakini Neema alikuwa mwembamba kama ufito. Uji wa hospitali haukumtosha, na Zuhura hakuutaka. Basi vikombe vikawa vinahama kitanda.

"Huyu wako anakula nini?" Mama Neema aliniuliza siku ya pili au ya tatu. Nikamwambia. Vitumbua, soda, chipsi, wali. Alinisikiliza huku anamsuka Neema.

"Ee. Mimi nasali chakula kiongezeke, wewe itabidi usali kipungue," akasema. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu madrasa. Hakuna mtu mwingine aliyeniambia jambo lile bila kunihukumu.

Asubuhi ya upasuaji walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mkono wake umeng'ang'ania kidole changu hadi mlangoni. Nilikaa nje. Watu waliingia na kutoka, mlango ukipigapiga. Muuguzi mmoja wa kiume, mtu mzima mwenye mvi, akanijia. "Mama, nenda kanywe chai. Akitoka nitakuita mwenyewe." Sikumwamini, lakini nilikwenda. Na kweli alikuja hadi kibandani, akasimama pale akiwa na nguo zake za kijani, akasema, "Ametoka. Anakuulizia."

Nikidhani yamekwisha, daktari wa mifupa aliniita pembeni kabla ya kuturuhusu. "Mguu huu tumeufunga kwa skurubu," akasema. "Wa kulia bado mzima. Ila ukiendelea kubeba mzigo huu huu, tutaonana tena hapa. Sikutishi, mama. Nimewaona wengi wanaorudi."

Maneno yale ndiyo yaliyonichosha kuliko upasuaji wenyewe. Kidonda unakiona kinafunga. Mguu mzima unaoweza kuharibika wakati wowote, huo unauangalia vipi?

Walitukutanisha na afisa lishe, dada mpole mwenye sauti ndogo. Sikumwelewa mambo yote. Niliyoyashika ni haya: tuanze na vinywaji, kwa sababu huko ndiko sukari nyingi inakojificha. Tusimshindishe njaa, bado anakua, na akirefuka huku uzito umesimama tu tayari ni ushindi. Na la mwisho: "Msimpikie chungu chake peke yake. Mkimtenga ataona ni adhabu. Nyumba yote ile anachokula yeye."

Nyumba yote. Nikamfikiria mama mkwe, nikachoka kabla sijapanda gari.

Tulirudi Singida mvua zimekolea. Zuhura alitembea kwa magongo, makwapa yakachubuka, nikawa namfunga vitambaa. Soda nilikata siku ile ile. Sukari ya chai nikawa napunguza kidogo kidogo, leo kijiko kimoja, baada ya siku kadhaa nusu. Maandazi yakawa ya Ijumaa tu. Ugali wa dona, maharage, mlenda, perege wa kuchemsha badala ya kukaanga. Zuhura alinuna. Alinichukia, nadhani. Siku moja nilimkuta jikoni, magongo yameegemezwa kabatini, anachovya kidole kwenye kopo la sukari na kukilamba. Aliponiona alianza kulia kabla sijasema neno. Nikaketi chini naye. Nilikuwa nimesimama dukani tangu asubuhi na miguu ilikuwa inawaka.

Mume wangu hakupinga kwa maneno. Alipinga kwa mifuko. Alirudi na biskuti, na juisi za pakiti, akisema juisi si soda.

"Baba Zuhura, tulikubaliana."

"Mtoto ametoka kupasuliwa, Mama Zuhura. Hata juisi? Watu watasema nimefilisika."

Lakini kazi kubwa ilikuwa kwa mama mkwe. Nilikuwa naokota makombo ya vitumbua chini ya mto wa Zuhura. Nilinyamaza, nikanyamaza, mpaka jioni moja nikamkuta ameketi kitandani na mtoto, bakuli la wali wa nazi katikati yao, anamlisha kwa mkono kama mtoto wa mwaka mmoja.

"Mama," nikasema, "daktari alikataza."

"Daktari kamzaa yeye?"

"Mguu wa pili utaharibika, Mama."

Aliweka bakuli chini. Hakupandisha sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. "Wewe unanyima mtoto chakula ndani ya nyumba yenye chakula," akasema. "Mimi nimemzika mtoto mwembamba. Unajua?"

Sikujua. Katika miaka yote ile sikuwahi kuambiwa. Kabla ya Baba Zuhura alikuwa na binti, Mwajuma. Mvua zilikataa huku bara, yeye akiwa mgeni, hana ndugu, mume yuko safarini na mizigo. Mwajuma akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu, akafa mikononi mwake akiwa anaomba ubwabwa. "Ubwabwa tu," mama mkwe akasema. "Nami sikuwa nao. Halafu wewe unakuja kuniambia kijiko kimezidi."

Zuhura alikuwa ametulia tuli, wali bado mdomoni. Nilitoka nikaenda kukaa uani. Kila kitumbua alichompa mwanangu, alikuwa anampa na yule mwingine.

Siku kadhaa tulipishana mlangoni bila kuzungumza zaidi ya salamu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Basi. Mume wangu akawa anachelewa dukani makusudi.

Aliyelifungua fundo ni Zuhura mwenyewe, na hakujua kama kuna fundo. Wataalamu wa mazoezi wa hospitali walimwambia atembee kila siku, polepole, kwenye njia isiyo na milima. Mimi nikitembea naye nilikuwa na haraka, namwacha nyuma, narudi, namhimiza. Jioni moja akamwambia bibi yake, "Bibi, twende wote. Mama ananikimbiza."

Mama mkwe ana miguu mibovu na pumzi fupi. Alifunga buibui, akachukua mkongojo, wakaondoka: mmoja na mkongojo, mwingine na magongo. Mwendo wao ulikuwa mmoja. Siku ya kwanza walifika kwenye duka la kona wakarudi. Baadaye wakafika barabara ya lami, na kufika mvua zinaisha walikuwa wanafika karibu na Ziwa Singidani, wanakaa juu ya jiwe, wanaangalia ndege, wanarudi kabla ya magharibi. Sijui walikuwa wanazungumza nini. Zuhura aliniambia tu kwamba bibi alimhadithia habari za Mwajuma, jinsi alivyopenda kucheza mdako.

Bibi hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa sahihi, na mimi sikumdai hilo. Ila alianza kubeba chupa ya maji kwenye matembezi, na siku moja nikamsikia jikoni akimwambia msichana wa kazi, "Nazi ya pili tu, ile nyepesi. Ya kwanza weka kando."

Zuhura aliacha magongo. Sio kwamba alikuwa mwembamba. Alirefuka. Sketi ya shule ilipanda juu ya magoti huku kiuno kikianza kulegea, nikawa nafumua pindo na kukunja mkanda kwenye sketi moja. Weusi uliokuwa shingoni, ambao kwa miaka nilidhani ni uchafu na kuusugua kwa dodoki, kumbe uliletwa na uzito, ukaanza kufifia. Usingizi wake ukawa mtulivu, hakoromi tena. Lakini kulikuwa na wiki mbaya. Mwezi wa Ramadhani tulirudi nyuma: sambusa, kaimati, visheti, kila nyumba inaleta sahani, na utairudishaje sahani ya jirani? Sikukuu ikapita, tukaanza upya. Tulipokwenda Ikungi kwetu, mama yangu mzazi alimshika mkono, akaugeuza, akaniuliza kwa Kinyaturu, mbele ya watu, mbona nimemkondesha mtoto. Nilidhani kwetu ningepumzika. Nililala mchana kutwa, nikisingizia kichwa.

Kisha yakaja maneno ya mtaani. Mtoto akinenepa wanasifu, akipungua wanauliza kimya kimya. Mteja mmoja wa siku nyingi alimvuta Baba Zuhura pembeni, karibu na magunia ya saruji. Niliwasikia kutoka kaunta.

"Samahani ndugu yangu. Huyu binti mmempima? Maana siku hizi magonjwa ni mengi. Msione aibu, dawa zipo."

Nilimwangalia mume wangu. Nilijua anavyoogopa maneno ya watu. Nilitarajia kesho yake arudi na katoni ya biskuti.

"Tumempima," akasema. "Alikuwa mgonjwa zamani, ulipokuwa unamsifia. Sasa hivi ndiyo anapona."

Yule mteja alilipia misumari yake akaenda. Baba Zuhura alibaki amesimama pale, kisha akaita vijana wa kupakia mizigo wabebe friji la barazani walipeleke stoo. Alidai linakula umeme.

Kama una mtoto mzito anayechechemea, au anayesema goti linauma na goti lenyewe halina kitu, mpeleke hospitali, na uombe wamwangalie nyonga. Usimalize miezi kwa kuchua kama mimi. Na kama bado hajachechemea, una nafasi ambayo mimi sikuipata. Anzia kwenye kikombe chake, na mtafute mtu wa kutembea naye asiye na haraka. Usimwambie anenepe au akonde. Wangu mpaka leo hapendi mizani, na nyumbani hatuna. Yapo mengi mengine, lakini hayo ndiyo yaliyotusaidia sisi.

Safari yetu ya karibuni kabisa kwenda Dodoma ilikuwa wakati wa alizeti tena. Tulikaa benchini tangu asubuhi. Mzee aliyekaa mbele yetu aliitwa, mama mwenye pacha akaitwa, sisi bado. Zuhura alisoma kitabu chake cha sayansi. Mimi nilihesabu vigae vya ukutani, nikapotea, nikaanza tena. Tukaingia eksirei, tukarudi benchini, tukasubiri picha. Daktari aliiweka kwenye mwanga, akaitazama kwa muda ambao kwangu haukuwa na mwisho.

"Wa kulia uko pale pale," akasema. "Haujasogea. Mifupa yake inakaribia kufunga, na ikishamaliza kukua haitelezi tena. Mrudi tena kabla ya mwaka kwisha, kisha tutaona."

Hakusema amepona. Nami nilikuwa nimejiahidi nitapiga kigelegele, lakini sikupiga. Nikasema ahsante, nikaingiza picha kwenye bahasha vibaya, Zuhura akaichukua mkononi mwangu akaiingiza vizuri.

Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani. Tulipopita Bahi machozi yakaanza kunitoka yenyewe, bila kwikwi, yanateremka tu hadi kwenye mtandio.

"Mama, mbona unalia? Si kasema haujasogea?"

"Silii. Nimechoka."

Alinitazama, akavua sweta lake la shule, akalikunja, akaliweka begani kwake.

"Basi lala," akasema. "Nitakuamsha tukifika."

Nikaegemea bega la mwanangu. Nilisikia basi likipunguza mwendo mahali fulani, wauza karanga wakigonga madirisha, na sauti yake ikiwaambia kwa upole kwamba hatuhitaji, mama yake amelala. Sikufungua macho hadi Singida.